Efekti za muvi zinaanza kwenye kamera, kompyuta inafuata baadae

Hapa Moshi kila mtu anayepiga muvi au video ya wimbo anataka mlima Kilimanjaro uonekane nyuma, na mlima wenyewe tunaujua, asubuhi na mapema upo, ikifika saa nne umeshajifunika mawingu mpaka jioni huko. Basi watu wanapiga hivyohivyo, wanaenda kwa mtu wa editi wanamwambia tuwekee Kibo, kile kilele chenye theluji, hapo nyuma, picha inatafutwa mtandaoni inabandikwa, na ukiangalia unajua kabisa imebandikwa hata kama hujawahi kushika programu yoyote ya video. Afu inalaumiwa kompyuta. Eti wenzetu wa Hollywood wana mashine kubwa, sisi tutawezea wapi. Mi hilo nalikataa, na linaniuma, maana kuna vijana Arusha na Moshi wana jicho zuri kabisa wanaacha hii kazi kwa sababu ambayo sio yenyewe.

Tuchukue huohuo mlima. Ukisimama Moshi mjini Kibo iko kaskazini yako, kwa hiyo asubuhi jua linaipiga kutokea kulia na jioni linaipiga kutokea kushoto. Sasa msanii umempiga saa kumi jioni, uso wake umewaka upande wa kushoto wa picha, afu unambandikia mlima uliopigwa saa moja asubuhi umewaka kulia, hapo hata bibi yangu atakwambia kuna kitu hakijakaa sawa ingawa hatajua ni nini. Na hata mwezi una maana yake, Desemba jua limeshuka kusini linaupiga mlima usoni, Juni jua limehamia kaskazini linatokea mgongoni kwake, picha mbili tofauti kabisa za mlima uleule. Halafu kuna hewa. Kati yako na Kibo kuna zaidi ya kilomita 25 za vumbi na unyevu, kwa hiyo sehemu nyeusi za mlima haziwi nyeusi, zinakuwa na ukijivu wa bluu, na ukiweka mlima wenye weusi mkali kama wa nywele za msanii aliyesimama mita mbili kutoka kwenye kamera, umeua shoti, yaani kile kipande cha picha chote. Hakuna mashine ya mamilioni itakayokurekebishia hilo kama hujaliona mwenyewe. Na ukishaliona, laptop ya kawaida tu inatosha.

Wenye studio kubwa wanajua hili ndo maana siku ya kupiga mtu wa efekti, yule wa kuongeza vitu vya bandia kwenye picha, yupo seti, palepale muvi inapopigwa, hasubiri kuletewa flashi baadae. Anafanya vitu ambavyo ukipita utaona kama anapoteza muda wa watu. Shoti ikiisha anaomba wote watoke mbele ya kamera, wanapiga tena palepale patupu, kamera ikienda vilevile, ili kesho wakitaka kufuta waya au stendi ya taa wawe na ukuta msafi wa kuzibia. Anashika mpira unaong'aa kama kioo na mwingine wa kijivu anausimamisha pale kiumbe cha bandia kitakapokaa, ule wa kioo unaonyesha taa zote zilipo pande zote, ule wa kijivu unaonyesha mwanga unavyoangukia kitu na kivuli kinaelekea wapi. Anapiga picha za kuzunguka eneo zima, kila picha kwa mwanga tofauti kuanzia giza mpaka iliyoungua kwa mwanga, zikiunganishwa ndani ya kompyuta zinakuwa ndo taa zenyewe za kumulika kiumbe cha bandia. Anaandika lensi ni ya milimita ngapi, kamera iko juu kiasi gani, imeinama vipi. Hivi vyote kwetu tunaviruka, na karibu vyote ni bure, simu na daftari vinatosha kuanzia.

Kitambaa cha kijani nacho. Watu wanakitumia kwa sababu kijani kiko mbali na rangi ya ngozi za watu, na kwenye sensa za kamera nyingi za dijitali, kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, vijicho vya kijani ni nusu ya vyote huku nyekundu na bluu wakigawana nusu iliyobaki, kwa hiyo kijani ndo kinatoka kisafi zaidi. Sasa ukinunua kitambaa pale soko la Mbuyuni ukakitundika kina mikunjo, ukamulika upande mmoja tu, afu msanii ukamwegemeza palepale, kile kijani kinamrukia shingoni na masikioni na hakitoki. Msogeze mbele mita kadhaa, kitambaa kimulikwe peke yake sawasawa, yeye amulikwe peke yake kwa mwanga wa pale anapotakiwa aonekane yupo. Kama anatakiwa aonekane yuko juani, mulika kama jua. Hapo umeshafanya kazi kubwa na kompyuta hujawasha.

Na hii ya kamera kwanza sio mpya. Georges Méliès wa Ufaransa alikuwa mfanya mazingaombwe kabla ya kuwa mtu wa sinema, na kwenye filamu yake ya 1902 ya safari ya kwenda mwezini viumbe wanapigwa wanageuka moshi kwa kusimamisha kamera tu, mtu anatoka, moshi unawekwa, kamera inaendelea. Miaka 91 baadae ikatoka Jurassic Park, ya 1993, kila mtu akasema kompyuta imeshinda, ila dainosa wanaonekana kwa dakika kama 15 tu kwenye muvi nzima, na kati ya hizo zilizotengenezwa na kompyuta ni kama 6, nyingi zilizobaki ni midude ya kweli ya mpira na mashine ya timu ya Stan Winston imesimama mbele ya kamera, imelowa mvua. Kompyuta iliingia pale ambapo dude la kweli haliwezi, kama kutembea na kukimbia mwili mzima. Na kwa kuwa dude la kweli lilikuwepo seti, watu wa kompyuta walijua ngozi ile ikilowa inang'aaje.

Sisi tuna mfano wa nyumbani wa upande wa pili kabisa. Muvi ya Hatari! ya mwongozaji Howard Hawks, 1962, sehemu kubwa ilipigwa huku maeneo ya Arusha na wale faru ni wa kweli, mwigizaji John Wayne kakaa kwenye kiti mbele ya gari na faru analigonga gari kweli. Sitaki mtu arudie vile, wanyama waliteseka na watu wangeweza kufa. Lakini iangalie kama mtu wa efekti, angalia vumbi linavyobaki nyuma ya mnyama, angalia gari linavyoyumba faru akigonga, uzito ule. Siku ukitengeneza faru wa kompyuta anakimbia bila kurusha vumbi watu hawatamwamini.

Ikishatoka seti ndo inaanza ile kazi ya kompyuta, nayo ni ndefu. Kwanza programu inasoma mwendo wa kamera ili kamera ya bandia ndani itembee sawasawa na ile ya kweli, hii ikikosea kidogo tu miguu ya kiumbe inateleza juu ya ardhi. Kuna wa kumkata mtu kumtenganisha na kilicho nyuma yake fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, na sekunde moja ina fremu 24, shoti ya sekunde kumi ni fremu 240 unafuata mkono na nywele. Wengine wanachonga umbo, wanalitia mifupa na misuli, ngozi, manyoya, halafu anakuja wa kulitembeza, wa moto na maji na moshi, wa taa, kisha inarendwa, yaani kompyuta inachora picha zenyewe za mwisho. Mwisho mtu wa kompoziti anaunganisha tabaka zote ziwe picha moja, anaongeza ukungu, chembechembe za picha, ule ukosefu kidogo wa ukali wa lensi. Mi huyu wa mwisho ndo namheshimu kuliko wote, na jina lake hakuna anayelijua.

Tena hawa watu wanaumia. Kampuni ya Rhythm & Hues walitengeneza yule chui milia wa muvi ya Life of Pi, wakitumia chui milia wa kweli kwenye baadhi ya shoti ili wa bandia alinganishwe nao, na Februari 2013 wakachukua Oscar wakiwa wameshafilisika wiki mbili hivi kabla. Nje ya ukumbi mafundi wenzao mamia wameandamana. Kwa hiyo anayekuajiri kijijini au Hollywood, mkubaliane bei kabla ya shoti ya kwanza, na mkubaliane mabadiliko ni mara ngapi.

Ila kuna habari inanipa nguvu kweli. Muvi ya Godzilla Minus One ya Japani, 2023, shoti za efekti 610, timu ya watu 35, Oscar ya efekti 2024. Mwongozaji Takashi Yamazaki ndo huyohuyo mkuu wa efekti, anakaa na vijana wake, shoti inaamuliwa hapohapo bila kuzunguka mabara matatu kusubiri barua pepe. Watu 35! Ukikusanya wanaofanya editi kuanzia Sakina mpaka Njiro kule Arusha si wanafika jamani.

Programu sio kisingizio, Blender ni bure na ina kila kitu nilichotaja hapo juu, kuanzia kusoma mwendo wa kamera mpaka kompoziti. Kwa wanaoanza na umeme wetu huu, usirende video moja nzima, renda fremu mojamoja kama picha ndani ya folda, umeme ukikatika fremu ya 130 ikiwa imeshaisha, ukirudi unaendelea na ya 131, video unaunganisha mwisho. Na wewe unayetaka Kibo nyuma, panda paa saa kumi na mbili na nusu asubuhi wiki hii kabla ya mawingu, stendi isimame vizuri, upige mlima wako mwenyewe, jioni ukipata bahati ukifunguka tena upige ya pili, andika saa na lensi. Nikikutana nawe na hizo picha mbili nakaa na wewe tunaiunganisha shoti.