Besi yangu ilivyoanza kunguruma nilipoifanya stirio

Kabla sijaigusa ilikuwa kimya, na hicho ndo kilichoniuma zaidi. Yani hili gitaa langu la besi nililipata zima kabisa, pikapu mbili (zile sumaku zenye koili chini ya nyuzi, ndo zinazoshika sauti), voliumu mbili na toni moja, ukifungua voliumu zote mbili mpaka mwisho unasikia nyuzi tu, hakuna mvumo hakuna nini. Mi ndo nikaona inahitaji kuboreshwa.

Nilikuwa nimesoma kwamba besi za Rickenbacker 4001 zina tundu la pili limeandikwa Rick-O-Sound, ukichomeka hapo pikapu ya shingoni inaenda njia yake na ya karibu na daraja inaenda njia yake, na kwamba Chris Squire, mpiga besi wa bendi ya Yes, alikuwa anagawa sauti yake hivyo hivyo. Besi yangu haikuwa hiyo, ilikuwa ya mtindo wa Jazz Bass ya Fender, lakini nikajiambia pikapu mbili ni pikapu mbili (naongelea za kwenye gitaa jamani, sio gari). Moja iende safi, nyingine niichafue na distoshen, ile pedali ya kukwaruza sauti. Nikang'oa jeki ya mono (tundu la kebo la njia moja ya sauti) nikaweka ya stirio (njia mbili), ncha ya plagi ikabeba pikapu ya mbele, ya shingoni, pete ikabeba ya nyuma, shina likabaki ethi (waya wa ardhini) ya wote, toni nikamwachia wa mbele peke yake. Nikatengeneza na kebo ya panda, mguu mmoja kwenye amplifaya yangu na mguu wa pili kwenye ya kuazima. Kazi ya saa moja hivi, najisifu mwenyewe.

Nikawasha. Mmmmmmmm.

Sio ule mvumo wa kusema ngoma zikianza utafunikwa. Ule wa mtu wa chumba cha pili kuuliza kuna nini. Na ukisikiliza vizuri zilikuwa sauti mbili zimepandana, ya chini nene, mmmm, na juu yake ka-zzzz kama nzi kwenye chupa. Nikishika nyuzi zzzz inakata papo hapo, nikiachia inarudi. Ile mmmm haijali, ushike usishike iko palepale. Hapo ndo ningetulia nifikiri, maana gitaa lilikuwa limeshaniambia kwamba ni magonjwa mawili tofauti, lakini Jumamosi tulikuwa na kurekodi na hiyo ilikuwa Jumanne usiku, nani atatulia.

Usiku wa kwanza nikalehemu upya kila kitu. Haikubadilika chochote. Usiku wa pili nikabandika ndani ya matundu yote ya gitaa karatasi ya shaba ya kukinga mvumo, ile yenye gundi nyuma, na hapa niseme kitu maana kiliniponza, gundi ya hiyo niliyopata haikuwa inapitisha umeme, kwa hiyo vipande vyangu nane vilivyopangwa vizuri vilikuwa vipande nane visivyojuana. Niliweka mita ya umeme kwenye mlio (inalia umeme ukipita), nikagusa kipande na kipande, kimya. Ikabidi nitie tone la lehemu kila panapoungana, vidole vimechanika na kingo za ile shaba mpaka leo nina alama moja kwenye kidole gumba, afu nikalehemu waya mmoja kutoka kwenye shaba hadi kwenye ethi ya jeki. Mita ikalia kila kona. Nikawasha na kweli zzzz ikafa, hata bila kushika nyuzi. Nikaruka kidogo pale chumbani. Mmmm ikanisubiri nimalize kuruka, iko vilevile.

Kulikuwa na kituko kingine pia. Nikipiga G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E sauti inayumba, inapanda inashuka kama inapumua, mara moja hivi kwa sekunde. F haifanyi, A haifanyi, ni hiyo G tu. Nikadhani shingo imepinda au uzi umechoka, nikabadilisha uzi mpya, bado inapumua. Halafu nikigeuka na gitaa mvumo unapungua, nikigeuka zaidi unarudi, nikawa nazunguka katikati ya chumba kama mtu anayetafuta netiweki.

Alhamisi akaja mshkaji wetu wa kinanda. Yeye akagundua kitu ambacho mi kwa siku mbili sikukijaribu, akachomoa mguu mmoja wa kebo. Mvumo ukashuka nusu. Akarudisha, ukapanda, na hapo amplifaya ya pili voliumu iko sifuri kabisa. Akasema aah, hiyo ni ethi, kata pini ya ethi kwenye plagi moja yamekwisha, kwetu tulikuwa tunafanya hivyo. Nakumbuka koleo nililishika kabisa mkononi. Kilichoniokoa ni kwamba amplifaya ilikuwa ya watu, nikaona aibu kukata plagi ya mtu bila kumuuliza, nikampigia mwenyewe, ambaye ni fundi wa siku nyingi wa redio na maspika. Hakunijibu ndio wala hapana. Alisema weka koleo chini, nakuja.

Alikuja na kimfuko. Akaketi, akawasha, akasikiliza bila kugusa kitu, mi naongea tu naeleza shaba yangu. Kwanza alilianza lile la pini. Akaniambia kijana, nyuzi zako zimeungwa kwenye ethi si ndio, sasa ukikata ile pini ethi ya hii amplifaya inabaki ni hiyo kebo yako nyembamba, siku hitilafu ikitokea ndani humu na kebo imechomoka upande wa pili, ethi utakuwa wewe. Mshkaji wa kinanda akawa anaangalia simu.

Akachomeka amplifaya zote mbili kwenye ekstensheni moja, mvumo ukapungua bila kulehemu hata tone. Mi nilikuwa nimezichomeka kuta mbili tofauti, kwa hiyo ethi ya ukuta huu na ya ukuta ule zilikuwa zinakutana ndani ya gitaa langu na kutengeneza mduara mkubwa, na umeme unazunguka humo. Kisha akatoa kitransfoma kadogo kama kiberiti, cha uwiano wa 1:1, waya za upande huu hazigusani na za upande ule, akakipachika kwenye mguu wa amplifaya yake. Mduara ukakatika. Ila sauti ya pikapu ya nyuma ikawa kama imefunikwa na blanketi. Akasema pikapu yako haina nguvu ya kusukuma transfoma, una pedali yoyote ya betri? Tukaitanguliza ile distoshen ambayo nilikuwa nayo tayari, ikasukuma yenyewe, blanketi likatoka.

Nikamuonesha na ile G. Akacheka. Hiyo G ni hezi 49, yani mitikisiko 49 kwa sekunde, umeme wa ukutani ni hezi 50, zikikutana zinapishana mara moja kwa sekunde, ndo hicho unachosikia kinapumua. Ingekuwa Marekani kwenye hezi 60 ungesumbuka kati ya B flati na B. Basi na uzi mpya niliununua bure.

Ukabaki mvumo mdogo, kila upande na wake. Mzee akaniuliza, kabla hujaigawa ilikuwa inavuma? Nikasema hapana. Na ukifunga voliumu moja? Nikafikiri… ndio, ilikuwa inavuma. Akatikisa kichwa. Kumbe zile pikapu mbili moja imezungushiwa waya kinyume cha mwenzake, na sumaku zake pia zimegeuzwa. Sauti ya uzi inageuzwa mara mbili kwa hiyo inarudi sawa, zinajumlishana. Mvumo wa umeme haujui habari za sumaku, unageuzwa mara moja tu, zikikutana zinafutana. Umetenganisha mke na mume, akasema, sasa kila mtu analalamika chumbani kwake.

Dawa ya kweli, akasema, ni pikapu ambayo kila moja ina koili mbili ndani yake, zijifute zenyewe kama zile za besi ya Fender Precision za tangu 1957. Hela hiyo sikuwa nayo. Akachukua kiswichi kidogo kwenye kimfuko akakilehemu kati ya ncha na pete, ukikisukuma pikapu zinaungana, besi inarudi mono.

Akaniambia haya, tupigie hiyo stirio yako tuisikie. Nikapiga, chini safi, juu imechafuka, nikapiga na ile G kwa makusudi. Alisikiliza kama dakika nzima ameinamisha kichwa, mi nasubiri sifa.

"Nzuri," akasema. "Sasa irudishe mono."