Kipusa cha Babu

"Mguse tu, dada. Hapa nyuma ya sikio ndipo anapopenda."

Nilisita. Mbele yangu alikuwa amejilaza mnyama wa tani mbili hivi, macho nusu wazi, nzi wakimzunguka. Ilikuwa Julai 2017 katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, mwendo mfupi kutoka Nanyuki. Asubuhi ile Mlima Kenya ulijitokeza kwa dakika chache, kisha ukajifunika. Mimi mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, nilikuwa na sweta moja jepesi na meno yanagongana. Kusema kweli sikwenda kwa mapenzi ya wanyama. Gari la wenzangu wa kazini lilikuwa na nafasi moja, basi.

Mnyama mwenyewe ni Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini duniani. Askari aliyekuwa akimlinda alimwita Mzee. Alinisimulia maisha yake kama mtu anayesimulia habari za baba mkwe: alikamatwa akiwa mtoto mwaka 1975 huko Shambe, kusini mwa nchi iliyompa jina, akapelekwa Dvůr Králové, bustani ya wanyama iliyoko Ucheki. Huko alikaa kwenye baridi zaidi ya miaka thelathini. Desemba 2009 wakamrudisha Afrika na wenzake watatu, kwa matumaini kwamba jua na nyasi za nyumbani zingewafanya wazae. Hawakuzaa. Suni, dume mwenzake, alikufa 2014. Waliobaki ni bintiye Najin na mjukuu wake Fatu, na siku ile walikuwa wakila nyasi upande wa pili wa ua, midomo yao mipana imeinamia chini.

"Na huko porini?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Kundi la mwisho la porini lilikuwa Garamba, kule Congo, na wawindaji haramu wenye bunduki walilimaliza. Tangu 2006 hakuna aliyemwona hata mmoja.

Nikamkuna Mzee nyuma ya sikio. Ngozi pale ni laini kuliko nilivyodhani, na ina joto. Akavuta pumzi ndefu, vumbi likaruka puani mwake. Askari akacheka, akaniambia kuwa mwezi Aprili walimweka Sudan kwenye Tinder kama kapera anayetafuta mchumba, ili kuchangisha fedha za utafiti wa uzazi. Nami nikacheka.

Kisha mkono wangu ukashuka hadi puani, penye kigutu cha pembe. Zilikuwa zimekatwa kwa msumeno ili wezi wasimtamani. "Ni kama kukata kucha," alinieleza, "haumii, na zinaota tena." Nikaweka kiganja juu yake. Kilikuwa na nyuzinyuzi zilizoshikana, kama makumbi ya nazi yaliyokandamizwa yakawa jiwe. Nikashtuka, kwa maana kitu kile nilikuwa nimeshawahi kukishika.

Babu yangu alikuwa Mshihiri, mtu wa asili ya Yemen, akiuza kahawa chungu na dele lake vichochoroni mwetu. Siku za Iddi alijifunga jambia kiunoni. Mpini wake ulikuwa na rangi ya asali, na ukiuelekeza dirishani mwanga ulipenya pembezoni mwake. Alikuwa akiniruhusu niushike akiwa ameketi barazani. Kingo zake zilikuwa na nyuzi zilezile.

"Hiki ni kipusa," alikuwa akisema.

Mimi nikiangua kicheko, kwani kipusa nililolijua ni jina wanaume walilomwita binti wa jirani, yule mrembo wa macho makubwa. Nilikua nikiamini jambia lile limepewa jina la msichana. Hakuna aliyeniambia kwamba kipusa kina mwenyewe, anayetembea na kula nyasi. Hata lugha yetu haikunisaidia. Ndovu hutajwa pamoja na pembe zake, lakini ya kifaru tumeipa jina lake peke yake, kama kwamba iliota ardhini.

Babu hakuwa mfanyabiashara wa pembe. Alinunua moja, basi. Lakini miaka ya sabini Wayemeni waliofanya kazi Saudia walirudi na fedha za mafuta, na kila kijana akataka mpini wa kipusa kama wa masheikh. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya themanini hawakufika 400. Siku hizi wateja wakubwa wako Vietnam na China, wanaosaga pembe kuwa dawa, ingawa ndani yake hamna kitu kisichopatikana kwenye ukucha wa mtu. Nikiwasikia watu wanavyowacheka Wavietnam nanyamaza.

"Babu yangu alikuwa na jambia," nikamwambia askari. Sijui kwa nini nilimwambia.

Alinitazama. "La pembe?"

"La pembe."

Alikaa kimya kidogo. Bunduki yake ilikuwa imeegemea mti. Halafu akainama akaendelea kumpangusa Sudan tope lililoganda shingoni.

"Huyu mzee hajui," akasema.

Sudan alikufa tarehe 19 Machi mwaka uliofuata, akiwa na miaka 45; madaktari walimpumzisha baada ya miguu kumshinda kabisa.

Jioni ile, kabla ya yote hayo, nilimpigia mama simu kutoka nyumba ya wageni Nanyuki. Nilimuuliza jambia la Babu liko wapi.

"Mjomba wako alilichukua Babu alipofariki, liko Mukalla, kule Yemen," akanijibu. "Juzi kanitumia picha. Mpini umezidi kung'aa, mashallah. Nikutumie?"

Nikamwambia atume.