Swali la mbunge wa kaskazini, kwa lugha ya mama yake

Kazi inayoniweka mjini hapa Arusha ni kutafsiri mikutano: maofisa huja na Kiswahili chao, wazee wa vijijini wana Kimaasai chao, nami hukaa katikati na daftari. Pengine ndiyo sababu habari ya bunge la mbali iliyonishika kuliko nyingine zote ni ya tarehe 28 Mei 2024, siku ambayo mbunge Sol Mamakwa alisimama katika Bunge la jimbo la Ontario, nchini Kanada, akauliza swali lake kwa Anishininiimowin, lugha ambayo wengine huiita Oji-Cree, huku wakalimani wakiwapelekea mawaziri maneno yake kwa Kiingereza. Mama yake mzazi alikuwa miongoni mwa wageni waliofika kumsikiliza. Hadi mwezi Machi mwaka huohuo, kanuni za bunge hilo zilitambua Kiingereza na Kifaransa peke yake, na ilibidi zirekebishwe ndipo lugha iliyokuwa ikisemwa katika ardhi ile kabla ya hizo mbili kufika iweze kuingia ukumbini kwa mlango wa mbele.

Eneo analoliwakilisha linaitwa Kiiwetinoong, jina ambalo kwa lugha za wenyeji wa asili wa huko linahusu kaskazini. Lilianzishwa kwa ajili ya uchaguzi wa mwaka 2018, na wengi wa wakazi wake ni wenyeji hao wa asili, wanaojulikana rasmi kama Mataifa ya Kwanza. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 294,000, yaani karibu theluthi moja ya Tanzania nzima, lakini wakazi wake ni kama 33,000, watu ambao wangeenea katika kata moja au mbili za jiji letu. Vijiji vingi havina barabara ya mwaka mzima. Hufikiwa kwa ndege ndogo, au kwa njia za majira ya baridi zinazopita juu ya maziwa yaliyoganda. Bunge lenyewe lina viti 124. Mtu anayetoka sehemu kama hiyo hawezi kushinda jambo lolote kwa kuhesabu kura, na kilichobaki mkononi mwake ni kanuni za bunge na kipindi cha maswali.

Sisi tunaosikiliza Bunge la Dodoma asubuhi tunaujua wimbo wa maswali hata tukiwa usingizini. Mbunge husimama na kusema, "Je, Serikali ina mpango gani wa kujenga kituo cha afya katika kata fulani?" Naibu Waziri hujibu kwamba Serikali inatambua changamoto hiyo na itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana. Swali la nyongeza huulizwa, majibu ya nyongeza hutolewa, na kituo cha afya hubaki palepale kilipokuwa, kwenye karatasi. Sisemi hivi kwa kejeli, kwa maana nimeona pia visima vilivyochimbwa baada ya swali kuulizwa mara nne au tano na mbunge asiyechoka.

Alichouliza Mamakwa siku ile hakikuwa kikubwa kwa sura. Angeweza kuanza na shule za bweni, ambazo zilichukua zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji wa asili kutoka kwa wazazi wao na kuwaadhibu kwa kusema lugha zao, na ambazo za mwisho zilifungwa miaka ya 1990 tu. Badala yake aliuliza habari ya nyumba ya kutunzia wazee katika mji mdogo wa Sioux Lookout, ambako vitanda 76 vilikuwa vimeahidiwa kwa miaka. Bila vitanda hivyo, mzee wa kaskazini anayehitaji uangalizi wa kila siku hupelekwa mbali na jamaa zake, akahudumiwa na watu wasioelewa anapoomba maji au anaposema mahali panapomuuma. Kwa hiyo swali kuhusu vitanda lilikuwa pia swali kuhusu lugha, na aliliuliza kwa lugha yenyewe. Kiongozi wa serikali ya jimbo, Doug Ford, alijibu kwamba nyumba hiyo itajengwa.

Mambo mengine ya kaskazini hayakupata jibu la haraka namna hiyo. Jamii ya Neskantaga, iliyomo katika eneo hilohilo, imekuwa chini ya amri ya kuchemsha maji ya kunywa tangu mwaka 1995, na mwezi Oktoba 2020 wakazi wake walilazimika kuhamishwa kwa ndege kwenda mji wa Thunder Bay baada ya mfumo wao wa maji kuharibika. Mtoto aliyezaliwa amri hiyo ilipotolewa sasa ni mtu mzima wa kuitwa baba au mama. Ugumu mmoja ni kwamba masuala ya jamii za Mataifa ya Kwanza yako kwa kiasi kikubwa chini ya serikali kuu ya Kanada, ilhali hospitali, barabara nyingi na madini viko chini ya jimbo, na kila upande una nafasi ya kuurusha mpira kwa mwenzake. Hata kusikilizwa kuna mipaka yake: mwezi Juni 2025 bunge hilohilo lilipitisha sheria inayoiruhusu serikali kutangaza kanda maalumu za uchumi ambamo sheria nyingine zinaweza kuwekwa kando, ingawa Mataifa ya Kwanza mengi, ambayo ardhi yake ina madini yanayotamaniwa, yaliipinga waziwazi.

Kabla ya Mamakwa alikuwapo Elijah Harper, mbunge wa kaskazini mwa jimbo la Manitoba. Mwezi Juni 1990, makubaliano ya katiba yaliyoitwa Meech Lake yalihitaji kupitishwa haraka, na kuuruka utaratibu wa kawaida kulidai ridhaa ya kila mbunge. Harper, akiwa ameshika unyoya wa tai, alikataa siku baada ya siku kwa sababu wenyeji wa asili hawakuwa wameshirikishwa, mpaka muda ukaisha na makubaliano yakafa. Alichotumia ni kanuni tu.

Nasi huku tuna wetu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet, akisindikizwa na wakili Earle Seaton, alifika Umoja wa Mataifa huko New York kuieleza dunia yaliyotokea chini ya mlima huu ninaouona kupitia dirisha langu. Alirudi bila ardhi. Hata hivyo malalamiko ya Wameru yaliandikwa kwa majina ya mahali, na yapo hadi leo.

Hapo kwenye kuandikwa ndipo ninapojiona mkosaji. Miaka michache iliyopita, katika mkutano wa kijiji kimoja upande wa Longido, koko mmoja, yaani bibi kwa Kimaasai, alisimama akaeleza kwa dakika kama kumi habari ya kisima: kilichimbwa lini, pampu ilikufa baada ya mvua zipi, wajukuu wake wanaamka saa ngapi kwenda kwingine, na punda yupi alivunjika mguu njiani. Mwenyekiti alikuwa akitazama saa, akaniambia, "Mwalimu, fupisha." Nikafupisha. Nilipokuja kusoma muhtasari wa kikao, nilikuta mstari mmoja: "Mama mmoja aliuliza kuhusu maji." Jina la kisima halikuwamo, mwaka haukuwamo, wala punda. Mbunge ambaye angepewa muhtasari ule asingekuwa na kitu cha kwenda nacho Dodoma, na waziri angemjibu kwa haki kabisa kwamba Serikali inatambua changamoto ya maji.

Mwezi uliopita niliitwa tena katika kijiji kilekile. Safari hii nilimwomba mwenyekiti, kwa heshima zote, anipe nafasi ya kutafsiri sentensi kwa sentensi, naye akakubali, ingawa alitukumbusha kwamba gari la wageni linaondoka saa tisa. Koko alianza upya tangu mwanzo, kana kwamba hajawahi kulisema. Alipofika kwenye kisima, katibu aliinua kalamu, akanigeukia na kuuliza jina lake linaandikwaje.