Farasi Alale Wapi Kambini

Ninapopanga safari ya siku kadhaa kwa farasi, jambo la kwanza ninalotafuta kwenye ramani ni maji, kwa kuwa farasi mmoja huweza kunywa lita 20 hadi 45 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Usiku simfungi kwenye shina la mti, maana atabambua gome na kuchimbua mizizi kwa kwato. Nawamba kamba kati ya miti miwili, juu ya kichwa chake, nikiizungushia miti mikanda mipana, kisha namfunga kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, kamba yake ikiwa fupi kiasi cha kutomnasa mguu. Asubuhi, kabla ya kumtandika, nampapasa mgongo na kukagua kwato, kazi ambayo wenye haraka huidharau.