Nilivyowafundisha wanafunzi wangu njia ya kufika kwenye ujaji

Nafundisha Uraia katika sekondari ya wasichana, na mada ninayoipenda kuliko zote ni Mahakama. Nilitaka binti akimaliza kidato cha nne ajue jaji anatoka wapi, asiishie kukariri ngazi za mahakama kwa ajili ya mtihani. Nikaamua kuipitisha mada nzima kwenye maisha ya kazi ya mtu mmoja: Julie Manning.

Niliandika ubaoni miaka mitatu tu. 1963, alipoingia chuo kikuu Dar es Salaam, mwanamke wa kwanza nchini kusomea sheria kwa kiwango hicho. 1973, jaji wa Mahakama Kuu, wa kwanza pia. 1975, Waziri wa Sheria, na mwaka huo yeye na Tabitha Siwale wakawa wanawake wa kwanza kuingia Baraza la Mawaziri. Kisha nikauliza: kabla ya ujaji alikuwa anafanya kazi wapi?

Karibu wote wakajibu alikuwa hakimu, akapandishwa cheo hatua kwa hatua. Kumbe alitokea ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali! Hapo ndipo tukafungua Katiba, ibara ya 109, tukaisoma kwa sauti. Rais humteua jaji baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na mteule aweza kutoka kwenye uhakimu, uwakili au utumishi wa umma, mradi ana shahada ya sheria na uzoefu usiopungua miaka 10. Ibara hiyo huwa inawachosha wanafunzi. Safari hii waliibishania mpaka kengele ikalia.

Baadaye mkuu wa shule aliandika barua kwa hakimu mfawidhi wa Mahakama ya Mwanzo iliyo jirani, tukaruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza shauri la mirathi. Hakimu alikuwa mwanamke. Alimsikiliza mjane mpaka mwisho, na ndugu wa marehemu alipomkatiza, akamwambia asubiri zamu yake. Naamini dakika zile zilifanya kazi kuliko vipindi vyangu vyote.

Wasichana walipopewa nafasi ya kuuliza, wa kwanza alitaka kujua kama Kiingereza kibovu kingemzuia. Hakimu akamweleza kwamba tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ila chuoni Kiingereza hakikwepeki, na baada ya shahada kuna Shule ya Sheria, yenye mafunzo ya sheria kwa vitendo. Siku zilizofuata wakawa wananijia ofisini na fomu za machaguo, wakiuliza kati ya tahasusi za kidato cha tano, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), ipi inafaa zaidi.