Siku yangu moja maabara: natafuta GMO kwa pakiti ya supu

Saa kumi na mbili asubuhi niko kwa matatu, Thika Road imejam, na mimi akili yote iko kwa pakiti moja ya supu iliyoletwa jana jioni. Ni supu ya unga kutoka nje, ndani kuna soya, wanga wa mahindi na kabichi iliyokaushwa, na mwenye mzigo anataka kujua kama ina GMO, yaani mimea iliyobadilishwa kwa kuingizwa jeni, ndo aandike lebo. Sheria ya lebo ya Kenya ya 2012 inasema ikipita asilimia 1 lazima iandikwe, sasa jibu langu ni pesa ya mtu na haki ya mnunuzi kwa wakati mmoja.

Saa mbili. Koti, glavu, tunaanza kusaga. Chumba cha kusaga ni mbali na chumba cha PCR, ile mashine inayonakili DNA mpaka ionekane, na ukishaingia kule kwa PCR huruhusiwi kurudi huku siku hiyo. Watu hudhani mashine kubwa ndo kazi ngumu, hapana, vumbi ndo linanikosesha usingizi, maana chembe moja ya mahindi ya GMO ikiruka ikaangukia sampuli ya mtu mwingine mashine itaiona tu na itamhesabia yeye. Nishawahi kuona tyubu ya maji matupu, ile tunayoweka kuhakikisha hakuna uchafu, ikitoa majibu ya mahindi, siku hiyo tukamwaga dawa zote tukarudia kazi ya siku mbili. Ndo maana napanguza meza na jiki baada ya kila sampuli, na glavu nabadilisha bila kuhurumia boksi.

Saa tatu na nusu. Nimepima milligramu 200, nimeweka CTAB, hiyo ni kama sabuni inayofungua seli, tyubu ziko kwa digrii 65. Hapo kuna kungoja, na mwanafunzi wa atachmenti akaniuliza, "Dada, lakini hiyo jeni huingizwaje kwa mmea?" Swali hili nalipenda sana. Nikamwambia kuna bakteria wa udongoni anaitwa Agrobacterium, yeye kwa asili huingiza kipande cha DNA yake kwa mmea mpaka shina linavimba, sasa wanasayansi walitoa zile jeni za uvimbe wakaweka wanazotaka wao, na mwaka 1983 mimea ya kwanza ya namna hiyo ikatangazwa. Njia nyingine ni bunduki ya jeni, unapaka DNA kwa vichembe vya dhahabu unavifyatua ndani ya seli, mahindi ya MON810 yenye jeni ya kuua viwavi wa bua yalitengenezwa hivyo. Seli chache sana zinapokea, hizo chache unazilea kwa chupa mpaka ziwe miche. Lakini jeni peke yake haifanyi kazi, inahitaji kipande cha kuiwasha na cha kuizima. Cha kuwasha kinachotumika sana ni 35S, kimetoka kwa virusi vya koliflawa, na cha kuzima ni NOS, kimetoka kwa yule yule Agrobacterium. Hivyo viwili ndo tunatafuta kwanza.

Saa tano klorofomu, kuzungusha, alkoholi, DNA inajikusanya chini. Katikati ya hapo mzee mmoja kaleta mafuta ya kupikia, nikamweleza kwa upole, mzee wangu, mafuta yakishasafishwa kiwandani DNA karibu yote imeisha, nitakula pesa yako bure, afadhali uniletee soya yenyewe kabla haijakamuliwa.

Saa saba githeri, nje kabisa ya jengo. Mama akapiga simu, jirani amemwambia unga wa dukani una sumu ya GMO. Nikamwambia mama, mimi napima kama imo na ni kiasi gani, kipimo changu hakisemi kama inadhuru, hilo hupimwa kwingine na mtu asikudanganye kwamba ni kitu kimoja.

Saa nane PCR. Joto linapanda digrii 95 nyuzi za DNA zinaachana, linashuka 60 zinanakiliwa, tena na tena mara 45.

Saa kumi majibu. Maji matupu yako kimya, alhamdulillahi. Soya ipo, mahindi yapo. 35S imewaka, NOS hakuna. Mwanafunzi ashashika kalamu aandike GMO nikamwambia weka chini kwanza. Kabichi hushikwa na vile virusi vya koliflawa, na 35S ni ya virusi hivyo tangu mwanzo, kwa hiyo inaweza kuwa ni ugonjwa wa shambani tu. Lakini pia MON810 huonyesha hivyo hivyo, 35S bila NOS, na supu ina wanga wa mahindi! Nikarudia PCR mara ya pili, safari hii natafuta jeni nyingine ya virusi ambayo haitumiki kwa mimea ya GMO, na kipimo cha MON810 yenyewe.

Saa moja kasoro usiku ndo mashine imemaliza. Virusi vimewaka karibu sawa na 35S. MON810 hakuna, na mahindi ya GMO niliyoweka kulinganisha yamewaka vizuri, kwa hiyo kipimo kilikuwa kinafanya kazi. Basi ile 35S inaonekana imetoka kwa virusi vya kabichi, si kwa mahindi ya MON810. Nimeandika ripoti, mwanafunzi akaisoma mara mbili akasaini pembeni, pakiti iliyobaki nikaifungia kwa friza.