Tulivyopata njia ya kufundisha kuhusu ubaguzi na lugha ya dharau

Nilipokabidhiwa jukumu la kuandaa vipindi kuhusu ubaguzi na lugha ya dharau, walimu wenzangu walikuwa wamekwisha kugawanyika. Mwalimu wa nidhamu alitaka orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku ibandikwe katika kila darasa pamoja na adhabu zake, na wengine walihofu kwamba kuyataja maneno hayo ni kuwafundisha matusi watoto wasioyajua. Sikuridhika na upande wowote, kwa kuwa pande zote mbili zilijadili matusi, ilhali dharau nyingi niliyoisikia darasani haikuwa na tusi hata moja.

Zamu yangu ilipofika kikaoni, niliandika ubaoni sentensi moja: "Ingawa ni msichana, ameongoza darasa katika hisabati." Nikawaomba wanioneshe neno la kupigwa marufuku. Hawakuliona, maana sentensi nzima ilikusudiwa kuwa sifa, na dharau yake imo katika kile ambacho mwandishi hakukitarajia. Mwalimu wa nidhamu aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, hii mbona tunaiandika sisi wenyewe kwenye ripoti?" Tangu hapo mazungumzo yalikwenda vizuri zaidi, ingawa hayakuwa mapole.

Ubishi mkubwa ulihusu mbinu. Mmoja wetu alipendekeza zoezi la Jane Elliott, mwalimu wa Iowa, Marekani, ambaye mwaka 1968, baada ya Martin Luther King kuuawa, aliwagawa wanafunzi wake wa darasa la tatu kwa rangi ya macho, akalipendelea kundi moja kwanza na jingine baadaye. Nililipinga, kwa sababu linafundisha uchungu wa kubaguliwa kwa kuwatia watoto uchungu huohuo bila ridhaa yao, na katika darasa letu wapo ambao tayari wanaujua vya kutosha. Nilipendekeza badala yake utaratibu uliobuniwa na mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake mwaka 1971 huko Austin, Texas, wakati shule zilipokuwa zikichanganya watoto wa rangi mbalimbali: kila mwanafunzi katika kikundi hupewa sehemu ya somo ambayo wenzake hawana, hivyo hawawezi kumaliza kazi bila kumsikiliza hata yule waliyezoea kumpuuza.

Tuliuunganisha utaratibu huo na sentensi ambazo wanafunzi walizikusanya katika magazeti, matangazo na utangazaji wa mpira. Kikundi kimoja kiligundua, bila kuelekezwa na mtu, kwamba mtangazaji aliwasifu wachezaji fulani kwa akili na wengine kwa nguvu za mwili tu, na ubishi uliofuata kuhusu kama hilo ni ubaguzi au ni maelezo ya kweli ya mchezo ulikuwa bora kuliko mhadhara wowote ambao ningeutoa.

Kuhusu vitabu vya fasihi vyenye maneno ya kuudhi, tulikubaliana kwamba mwalimu atoe taarifa mapema, kwamba maneno hayo yasomwe kimyakimya, na kwamba mwanafunzi asiombwe kamwe kusema kwa niaba ya jamii yake. Orodha ya mwalimu wa nidhamu haikufutwa. Iko ofisini kwake, na huitumia pale mwanafunzi anapomtukana mwenzake kwa makusudi, jambo ambalo hata mimi sitarajii kipindi peke yake kilimalize.